Baada ya Funguo Kukabidhiwa

Katika andiko la mradi, chumba cha uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi hakichukui nafasi kubwa. Ni mistari mitano au sita ya jedwali: kitanda, taa, spekula kadhaa, chombo cha kutakasia vifaa, mtungi wa gesi au kifaa cha umeme cha kuunguzia, na mafunzo ya siku chache kwa wauguzi wawili. Kama mradi ni mkubwa, kurasa chache mbele kuna jengo la mionzi na michoro yake, kuta zake, mtambo wake na tarakimu zake ndefu. Anayelisoma andiko hilo kwa mara ya kwanza hudhani ugumu uko kwenye zege. Lakini zege, hata likichelewa, mara nyingi husimama. Ile mistari mitano ndiyo inayosuasua.

Ahadi zenyewe si za hewani, na ni haki kuanza na hilo. Saratani ya mlango wa kizazi ni kati ya saratani chache zinazotoa muda wa kutosha wa kuzizuia. Karibu zote hutokana na virusi vya HPV vinavyokaa mwilini muda mrefu, na aina mbili tu za virusi hivyo, ya 16 na ya 18, ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya ugonjwa huu. Kwa mwanamke mwenye kinga ya kawaida hupita miaka 15 hadi 20 kabla maambukizi hayajawa saratani; kwa mwenye kinga dhaifu, mfano anayeishi na VVU bila dawa, miaka 5 hadi 10. Katika muda huo wote muuguzi aliyefunzwa anaweza kupaka asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5, akasubiri dakika moja, akatazama kama pametokea baka jeupe. Baka likiwapo na likifaa kutibiwa hapohapo, huligandisha kwa gesi au huliunguza kwa ncha yenye joto la nyuzi 100 hivi, na mama anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Chanjo nayo ipo: Rwanda ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018 na Kenya 2019. Mwaka 2020 dunia ilijiwekea tarakimu tatu za kufikia 2030: asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika wakiwa na miaka 35 na tena wakiwa na 45, na asilimia 90 ya watakaokutwa na tatizo watibiwe.

Kwa hiyo mpangaji anapoandika kwamba vifo vitapungua, hadanganyi. Anaandika kinachowezekana. Tatizo, kama lipo, ni kwamba kalenda yake na kalenda ya ugonjwa hazikuchapishwa mahali pamoja.

Kalenda ya mpangaji huanza Julai na kuisha Juni, kwa kuwa ndivyo mwaka wa fedha ulivyo Tanzania, Kenya na Uganda. Upembuzi yakinifu huhesabu wanawake wenye umri wa miaka 30 hadi 49 katika eneo la mradi, ukagawanya kwa idadi ya vituo, ukapata wangapi wapimwe kila mwezi. Hesabu hiyo ni safi mno. Haiulizi siku ya gulio ni ipi, mvua za masika hukata barabara gani, wala mama anayelima anapata wapi asubuhi nzima ya kukaa foleni. Sijasema mpangaji hajui. Mara nyingi anajua sana, ila fomu anayoijaza haina safu ya kuyaweka hayo.

Jambo jingine hutokea mapema na huonekana dogo. Kichwa cha andiko husema "saratani za uzazi kwa wanawake", kisha yaliyomo yote yakawa ya mlango wa kizazi. Sababu inaeleweka: huo ndio wenye kipimo cha bei nafuu. Saratani ya ovari haina kipimo cha kuwapitisha wanawake wote wasio na dalili. Inataka mhudumu anayeshtuka akisikia tumbo linalojaa wiki baada ya wiki, altrasaundi, na daktari bingwa wa upasuaji. Saratani ya mfuko wa uzazi kwa kawaida hujitangaza kwa damu kutoka baada ya hedhi kukoma, na uchunguzi wake ni kunyonya kipande kidogo cha ukuta wa mfuko kwa mrija mwembamba na kukipeleka maabara. Mrija huo hauna gharama kubwa, lakini mara nyingi haumo kwenye orodha ya vifaa. Basi mama wa miaka 62 anayetokwa damu hufika kwenye chumba kipya ambacho bango la mlangoni linataja miaka 30 hadi 49. Hakuna aliyemfukuza. Bango tu halikumtaja.

Ujenzi wenyewe, kwa upande wa vyumba vya uchunguzi, hauna makubwa. Kwa kawaida ni ukarabati: chumba kilichokuwa stoo hupigwa rangi, huwekwa sinki, hufungwa taa. Kasoro zinazojirudia ni za mpangilio. Mlango hufunguka kwenye baraza walikoketi watu wa kliniki ya watoto. Pazia halikuandikwa kwenye jedwali la gharama kwa sababu pazia si ujenzi wala si kifaa tiba. Mwanamke anayetakiwa kuvua nguo akiona kivuli cha mtu kikipita nyuma ya kioo atasema atarudi kesho, na "kesho" hiyo kila muuguzi anaijua maana yake.

Jengo la mionzi ni habari nyingine kabisa. Kuta zake ni za zege lenye unene wa mita moja hadi zaidi ya mbili, kutegemea zinaelekea wapi, na mlango wake hufikiwa kwa kupinda ili mionzi isitoke moja kwa moja. Zege la namna hiyo linataka kumwagwa kwa mpango maalum, bila viungio dhaifu katikati. Mirija ya nyaya lazima ipite humo kwa mshazari kabla zege halijamwagwa, kwani kutoboa ukuta huo baadaye ni kazi ya majuma. Hapa ndipo penye fundo ambalo hukutwa tena na tena: vipimo vya chumba hutegemea mtambo utakaowekwa, lakini mtambo hununuliwa kwa zabuni tofauti inayofunguliwa ujenzi ukiwa umeshaanza. Msanifu huchora kwa mtambo anaoukisia. Mzabuni mwingine akishinda, michoro hurudi mezani, mshauri elekezi huandika maelekezo mapya, na mkandarasi huwasilisha madai ya kazi za nyongeza, ambayo ni halali yake.

Mtambo ukishafika na kufungwa, bado hautibu mtu. Wataalamu wa fizikia tiba huupima mwale wake ndani ya tangi la maji, pembe kwa pembe, kwa majuma na pengine miezi, na mamlaka inayosimamia mionzi hutoa kibali baada ya kujiridhisha. Kipindi hiki hakionekani kwa macho. Jengo limepakwa rangi, nyasi zimeota, taa zinawaka usiku, na anayepita nje huuliza kwa nini halifanyi kazi. Maandiko mengi hukipa kipindi hiki mstari mmoja, na ratiba ikishabanwa na ujenzi uliochelewa, ndicho cha kwanza kuombwa kipunguzwe. Hakipunguziki. Kosa dogo la kipimo hapo hujirudia kwa kila mgonjwa atakayelala chini ya mtambo ule.

Siku ya makabidhiano hufika hata hivyo. Mkandarasi hutoa funguo na cheti, kipindi cha matazamio huanza kuhesabiwa, na ripoti huandika kwamba mradi umekamilika kwa asilimia fulani, mara nyingi iliyo juu ya tisini. Asilimia hiyo ni ya kweli kwa maana inayokusudiwa, yaani kazi iliyolipwa kulinganisha na kazi iliyopangwa. Haipimi kama mama aliyepimwa Januari amepata majibu.

Ukitaka kujua kilichobaki, fuata kinyama. Ndivyo wagonjwa wenyewe wanavyokiita: "nimekatwa kinyama." Ni kipande kidogo kilichochukuliwa kwenye sehemu yenye shaka ili kithibitishe kama ni saratani. Kinatakiwa kuzamishwa mara moja kwenye fomalini ya asilimia 10 katika chombo chenye nafasi ya kutosha. Fomalini ikiwa imekwisha, hutiwa maji ya chumvi, na kinyama huharibika njiani. Kikifika salama, huwekwa kwenye nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, hupakwa rangi, kisha daktari wa patholojia hukitazama. Madaktari hao ni wachache katika kanda yetu yote, na wengi wako miji mikuu. Katika miradi mingi kituo cha uchunguzi kimejengwa na hospitali ya tiba imejengwa, lakini safari iliyo kati yake, ya kichupa kusafiri kwa basi na karatasi ya majibu kurudi, haina mkandarasi. Kichupa hukabidhiwa kondakta, au msindikizaji wa mgonjwa mwingine, au mgonjwa mwenyewe anayeambiwa, "Mama, hiki usikifungue, ukifika pale dirishani utawapa." Karatasi ikitoka, namba ya simu iliyoandikwa kwenye daftari huwa ya mume, au ya jirani aliyehama.

Vipimo vya vinasaba vya HPV vimepunguza sehemu ya tatizo hili. Mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, nyuma ya lile pazia au nyumbani, na mashine nyingi zinazopima kifua kikuu zinaweza kupima na virusi hivi. Lakini katriji zina tarehe ya mwisho wa matumizi, na mashine inahitaji kukaguliwa kila mwaka. Tena aliyekutwa na virusi bado atatakiwa kurudi kutazamwa na kutibiwa. Kipimo bora kimeongeza safari moja kwa wale ambao zamani wangetazamwa na kutibiwa kwa kikao kimoja. Wapo wanaosema ni hasara na wapo wanaosema ni faida. Nadhani jibu linategemea nauli kuliko linavyotegemea maabara.

Gesi ya kugandishia inastahili maneno yake. Ni kaboni dayoksaidi, ileile inayotia soda mapovu, na tiba yenyewe ni kugandisha dakika tatu, kuacha dakika tano, kugandisha tena dakika tatu. Mtungi mmoja huhudumia wanawake kadhaa tu kisha huisha. Mradi hununua mtungi. Kuujaza ni juu ya kituo. Pa kujazia ni mjini, mtungi ni mzito, na gari la kituo lina kazi nyingine. Ndiyo maana vifaa vya kuunguza kwa joto, vinavyotumia umeme au betri, vimeanza kuchukua nafasi yake, na ndiyo maana bado unaweza kukuta mtungi mtupu umesimama kona ya chumba kama mlinzi aliyesahauliwa, stika ya mradi ikiwa bado inang'aa.

Kipo pia kinachobaki kwa sababu hakikuwahi kupendeza kwenye andiko: dawa ya maumivu. Wanawake wengi hufika ugonjwa ukiwa umeshasonga mbele, na kwa baadhi yao kinachowezekana ni kutuliza. Mofini ya kunywa ni unga unaochanganywa na maji, bei yake ni ndogo, na Uganda imejulikana kwa miaka mingi kwa kuitoa bure. Hata hivyo andiko linaloahidi kuokoa maisha huona taabu kutenga fungu kwa ajili ya wale ambao halitawaokoa.

Gharama nazo hupanda. Watu wengi husikia neno hilo na kufikiria mikono michafu, na pengine huwa ipo, lakini hata mradi uliosimamiwa kwa uangalifu wote hupanda gharama kwa njia zinazotabirika. Bajeti hupitishwa kwa shilingi na mtambo hulipwa kwa dola au yuro. Kati ya kuidhinishwa na kulipwa hupita miaka miwili au mitatu, na shilingi haikai palepale. Msamaha wa kodi huchelewa wakati kontena liko bandarini, na kila siku ya kontena kukaa bandarini ina bei yake. Umeme uliopo hautoshi mtambo wa kisasa, hivyo huongezwa transfoma, kisha jenereta ya kusubiri, kisha mfumo wa kupoza. Vyote vitatu vilijulikana tangu mwanzo, lakini vikiingizwa mwanzo jumla huonekana kubwa na andiko hurudishwa. Wapangaji hujifunza haraka ni jumla ipi hupita. Hapo sioni mkosaji mmoja. Anayepitisha anataka ndogo, anayeandika anaandika ndogo, na tofauti hulipwa baadaye kwa jina la nyongeza.

Gharama isiyokubali kujificha ni ya mionzi ya ndani. Mgonjwa wa mlango wa kizazi ambaye ugonjwa umetoka nje ya mlango wenyewe kwa kawaida hupewa mionzi ya nje pamoja na dawa ya sisplatini mara moja kwa wiki, kisha huwekewa chanzo cha mionzi ndani, karibu kabisa na uvimbe. Bila hatua hii ya mwisho matibabu hayajatimia. Mitambo mingi hutumia iridiamu-192, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila siku 74 hivi. Tiba iliyochukua dakika 10 siku chanzo kilipoletwa huchukua 20 baada ya miezi miwili na nusu, na 40 baada ya miezi mitano. Kwa hiyo chanzo kinatakiwa kubadilishwa kila miezi mitatu au minne, kikiagizwa nje, kikisafirishwa kama mzigo wa hatari, kikiombewa vibali vyake. Mradi hununua cha kwanza, kwa bajeti ya maendeleo. Cha pili kinatoka kwenye matumizi ya kawaida ya hospitali, fungu lilelile linalonunua glavu na kulipa maji. Kobalti-60 hupungua nusu kwa zaidi kidogo ya miaka mitano, na kwa sababu hiyo wapo wanaoiona inafaa zaidi kwa mazingira yetu, ingawa bei ya mara moja ni kubwa. Ni mjadala mzuri, na ungefaa kufanywa kabla ya zabuni.

Na hapa ndipo ile kalenda ya pili inapojitokeza. Mionzi ya nje huwa vipindi 25 hivi, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa majuma matano. Yakiongezwa majuma ya mionzi ya ndani, matibabu yote yanatakiwa yawe yamekwisha ndani ya siku 56. Yakizidi hapo, uwezekano wa kuudhibiti ugonjwa hupungua kadiri siku zinavyoongezeka. Hiyo ndiyo tarehe ya mwisho isiyo na barua ya kuomba muda. Mkandarasi akichelewa miezi sita huandikiwa nyongeza ya muda, naye huwa na sababu zake, mvua au saruji au malipo. Mtambo ukilala siku tisa kwa kusubiri kipuri, siku hizo tisa hutolewa kwenye 56 za kila mwanamke aliyekwisha kuanza.

Kwa sababu hiyo, ningependa ripoti za miradi hii zibebe vipimo viwili tu vya ziada: siku zinazopita kutoka kinyama kukatwa hadi mgonjwa kuambiwa majibu, na idadi ya walioanza mionzi wakamaliza ndani ya siku 56. Vyote viwili vinapatikana kwenye madaftari yaliyopo. Havihitaji mfumo mpya wala mshauri.

Kumfikisha mtumiaji ni nusu ya kazi, na mara nyingi ndiyo nusu iliyowekwa "awamu ya pili". Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na kwa miaka mingi mwanamke wa huko aliyehitaji mionzi hakuwa na pengine pa kwenda ndani ya nchi. Leo huduma zimesogea: Mwanza wanatibu, na Kenya miji ya nje ya Nairobi imeanza kutibu. Ni hatua, na inapunguza nauli. Haijaondoa zile wiki nane za kukaa mbali na nyumbani. Matibabu kwa siku ni dakika chache. Zinazobaki ni za kula, kulala na kufua. Michoro ya awali huwa na nyumba ya kulala wagonjwa, kwa kawaida nyuma ya jengo la mionzi, yenye vyumba kadhaa na jiko. Gharama zinapopanda, nyumba hiyo ndiyo inayohamishiwa awamu ya pili, kwa kuwa mtambo haukatwi nusu na ukuta haupunguzwi unene. Uamuzi huo una mantiki yake mezani.

Basi wanawake hupanga chumba kwa pamoja mitaa ya karibu, au hukaa kwa ndugu wa ndugu, na mchana hukutana kwenye kivuli kando ya uzio, vyombo vya chakula miguuni, wakihesabiana vipindi.

"Mwanangu, wewe umefika ya ngapi?"

"Ya kumi na sita, mama. Ilikuwa iwe kumi na saba, ila jana mashine haikuwaka."